Pamba Yenye Mbegu

Baba yangu mpendwa,

Mwangaluka, salamu yako ya kila asubuhi. Tangu tukuzike mwezi uliopita, leo ndiyo mara ya kwanza nimekaa kwenye meza yako ya ufundi hapa Bariadi. Pasi ya kulehemu imepata moto, nami nimeiacha ikapoa. Kuna neno nimelibana miaka kumi na moja.

Unaikumbuka deki ya video ya yule mama muuza dagaa wa Lamadi? Namba zake za kijani zilikuwa zimezima, nawe ukapata kibomba cha kioo cha kuziwasha kwenye bodi ya deki mbovu. Asubuhi nzima ulikihangaikia. Uliongeza risasi mpya ya kulehemu juu ya ile kuukuu ili iyeyuke upesi, ukaifyonza kwa pampu, mguu huu wa kibomba, kisha ule wa mbali, joto lisikae upande mmoja. Nilipotaka kukichokoa kwa bisibisi ulinishika mkono. "Kioo hakivutwi, mayu. Mguu ukigoma, rudi kwenye risasi." Uliniita mayu, yaani mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yako, nami nilivimba kichwa kwa hilo.

Mwishowe kiliachia chenyewe. Ukanionyesha kichuchu cha kioo kinachozuia hewa isiingie, na doa la rangi ya fedha kwa ndani. "Hili likiwa jeupe, kimekufa." Kisha ukaniambia nikifunge vizuri, basi la Lamadi linaondoka.

Nikakifunga kwa pamba ya bibi kutoka Nkoma, ya shambani, na mbegu zake. Nilijiambia pamba ni pamba, nikakaza kamba. Tulipofungua kule Lamadi, doa lilikuwa jeupe kama maziwa. Nikaona mbegu moja imekwama pale kichuchu kilipokatika. Nikaificha kiganjani, nikanyamaza. Ukamwambia yule mama, "Utanisamehe, nilizidisha moto. Mikono imezeeka."

Toka siku hiyo kazi zote za vioo ukaniachia mimi. Watu wakanisifu. Kila nilipotoa kimoja kizima niliona aibu, maana niliamini nimekupokonya kazi kwa ukimya wangu.

Leo nilikuwa natafuta kibomba cha akiba, nikafungua lile kopo lako la maziwa ya unga. Kile kilichokufa kimo, kimefungwa kwa pamba ileile, laini, imechambuliwa yote. Mbegu zake umezitia kwenye bahasha ya dawa na kuikunja mdomo.

Ulijua, Baba. Ulijua, na bado ukanipa vioo. Miaka yote hiyo tumekaa meza moja na hukuniuliza hata siku moja. Ulikuwa unasubiri niachie mwenyewe, nami sikuachia. Nimelia hapa mpaka mteja akageuza baiskeli yake akaondoka.

Basi nasema, ingawa nimechelewa. Ni mimi niliyekivunja. Mikono yako haikuwa imezeeka.

Pumzika, Baba.

Mwanao,
mayu wako