Sauti Inasikika Mpaka Nyuma

Kaka yangu,

Sisi tupo. Goti langu bado linanisumbua. Paa la ofisi ya walimu linavuja juu ya meza ya mkuu wa shule sasa, kwa hiyo safari hii litazibwa upesi.

Mwanao hajambo kidogo. Usimpigie simu, hataongea. Daktari anasema koo limeshapona, ila mwenyewe hataki kusema neno.

Uliponikabidhi alipokuja kuanza ualimu hapa shuleni kwetu, uliniambia, "Dada, huyu ni damu yako, mshike mkono." Nikajigamba kwamba mwalimu mlezi wake ni shangazi yake, shida itoke wapi?

Darasa lake lina watoto mia na kumi na wawili. Kila wiki nilitakiwa niketi nyuma, nimsikilize akifundisha, kisha nijaze fomu. Na mimi nina wangu tisini na nane, Kaka. Basi fomu zote nilizijaza siku moja, muhula ulipoanza, nikaziandika tarehe za mbele.

Mara mbili alinifuata mlangoni, sauti imemkauka, akaniomba niingie darasani kwake japo kidogo. Nikamwambia, "Mwanangu, sote tulianza hivyohivyo. Utazoea."

Jana mkuu aliniletea faili lake nisaini. Fomu ya mwisho ni ya Alhamisi, siku ya tatu tangu alazwe hospitalini. Mwandiko ni wangu: "Nimemkuta darasani, mchangamfu. Sauti inasikika mpaka nyuma."

Nimesaini, Kaka.

Dada yako