Filamu Iliyoingia Mwanga

Mjukuu wangu Akiru,

Ejok? Huku Lodwar sisi wazima, na shangazi yako wa Katilu amevuna mahindi. Umeniuliza nilivyokuwa nikijaza filamu ya kamera nyumbani, kutoka roli kubwa hadi kwenye vikebe vilivyokwisha kutumika. Nilijifunika blanketi zito, nikaizungusha gizani kwa kupapasa. Lakini kuna siku moja ambayo sijawahi kumsimulia mtu.

Ilikuwa mchana, joto kali. Katikati ya kazi niliinua blanketi nivute hewa. Nilijua mwanga umeingia, ila niliona hasara kuitupa ile filamu. Nikaenda nayo Kakuma, nikampiga picha Nyandeng, mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, pamoja na mama yake mgonjwa. Hawakuwa na picha nyingine.

Nilipoisafisha, filamu yote ilikuwa imeungua kwa ule mwanga. Niliporudi Kakuma, Nyandeng alikuwa ameshamzika mama yake. Alinyoosha mikono yote miwili apokee picha.

"Haikutoka," nikamwambia. "Mama alitikisika."

Akainamisha kichwa. "Pole sana, kaka. Alikuwa anaogopa hiyo mashine. Utusamehe."

Nami nikaitikia, "Si neno."

Miezi ilipita ndipo nikarudi kumwambia ukweli. Majirani wakasema amehama, hawajui alikokwenda. Akiru, kuungua kwa filamu ningeweza kumweleza mtu yeyote. Lakini nilisema uongo, nikapokea pole kutoka kwa mfiwa, na mpaka leo sijampata nimrudishie pole yake.

Babu yako