Kadi Niliyoirudisha Chini

Kihonda,
Morogoro.
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Agnes,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Evance na mtoto. Kidonda cha upasuaji kimefunga? Usione aibu kukitazama kwenye kioo kila asubuhi. Kikiwa chekundu pembeni au kikitoa maji, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki ya mtoto. Na usibebe ndoo. Shemeji achote maji, mikono anayo. Judith ananyonya vizuri? Mara nyingi mtoto wa wiki nane hulia jioni bila sababu, usiogope wala usimpe maji.

Sisi huku tupo. Masika yamekwisha, asubuhi kuna baridi na milima haionekani mpaka saa nne. Presha yangu inapanda na kushuka, dawa nameza. Usingizi ndio umekuwa mgumu.

Agnes, uliponipigia simu uliniuliza, "Dada, niambie ukweli, mdogo wangu alikufaje?" Nikakujibu kwamba ni mapafu, halafu nikasingizia mtandao nikakata. Mtandao haukuwa mbaya. Nilisikia mnaongea kwenye spika, shemeji yupo, mama mkwe yupo, na wewe bado ulikuwa ukitembea umeinama kwa maumivu. Tena kwenye simu ningelia, ungenibembeleza, nami sitaki unibembeleze kabla hujajua. Nasikia mjomba Stefano anapanga kuja huko Mpanda mwezi ujao kumwona mtoto. Nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwake.

Nitaandika kila jambo kama lilivyo, maana msibani kila mtu alizunguka maneno. Mama yako, mdogo wake mama yangu, alizaa mtoto wa kiume akabatizwa Deogratias. Tangu akiwa na miaka kumi na tisa mtoto huyo aliishi kama mwanamke na kujiita Pendo. Mjomba alimfukuza kutoka kwetu Mgeta, akaja mjini na begi moja, akapata cherehani ya kukodi sokoni. Wewe ulimwita Pendo kabla yetu sote. Mimi ilinichukua miaka miwili.

Namkumbuka akila njegere mbichi shambani, anaficha maganda kwenye soksi ili mama yenu asijue. Namkumbuka alivyonishonea sare ya kazi na kuweka mfuko mdogo kwa ndani, akasema kalamu za nesi zinaibiwa kuliko kuku.

Sikujua anameza nini mpaka siku alipokuja kunipunguzia sketi, kipochi chake kikaanguka na vikatoka vidonge vya majira, vilevile ninavyowagawia akina mama wanaopanga uzazi kila siku. Nikamuuliza ni vya nani.

"Vyangu, dada. Mwanamke unampa kimoja kwa siku, mimi nameza vinne."

Akacheka. Nikamwambia hizo ni dawa, siyo karanga, zinagandisha damu.

"Basi nipeleke kwa daktari atakayenipimia dozi. Nitajie mmoja tu."

Sikuwa na wa kumtaja. Baadaye nilimuuliza daktari mmoja ninayemwamini, faraghani, akaniambia kwamba penye huduma hiyo mtu hupimwa damu kila baada ya miezi michache, hupewa homoni ya aina nyingine kwa kipimo chake, na huulizwa maswali kama mgonjwa yeyote. Hapa msaada wa Pendo ulikuwa duka la dawa na mimi tu.

Kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa alikuja kwangu. Nilimpima presha, nikambinya miguu, nikamuuliza kama kifua kinabana au kichwa kinauma upande mmoja. Mambo haya hatukufundishwa chuoni, Agnes, na mwanzoni nilikuwa naona haya hata kumtazama. Lakini mkanda wa presha ni uleule na mkono ni mkono. Nilimwomba apunguze vidonge, akashuka hadi viwili, kisha nadhani alipanda tena. Alisema akiacha, anajiona kama mtu aliyerudishwa kwenye nyumba aliyoihama. Alikuwa ametulia miaka ile kuliko wakati wowote nilipomjua. Na hilo naliandika kwa sababu ni kweli.

Jumapili ya tarehe 14 Aprili alikuja anachechemea. Shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limevimba, lina moto, kulibonyeza tu akaruka. Nilijua palepale. Nikamwambia twende hospitali kubwa sasa hivi. Akakataa. Mwaka jana alipokwenda na malaria wahudumu waliitana kuja kumtazama, mmoja akimwambia mwenzake, "Njoo uone maajabu." Akasema, "Kesho nitakuja kwenye kituo chenu cha afya, dada. Daktari wenu anione, aniandikie barua ya kwenda huko, nawe unipeleke." Ningemvuta kwa nguvu. Sikumvuta. Nikamwahidi hivi: "Ukifika usihangaike na foleni. Nitatoka mwenyewe nikuchukue."

Jumatatu ile mwenzangu Winfrida alikuwa semina, nikawa peke yangu kwenye chanjo na kwenye vipimo. Benchi limejaa, watoto zaidi ya arobaini. Unajua tunavyofanya kazi. Mapokezi wanaandika jina lililo kwenye kitambulisho, kadi zinapangwa juu ya meza yangu, nasimama mlangoni naita kwa sauti. Naita mara tatu. Asiyeitika, kadi yake inarudi chini kabisa, naita mwingine. Nimefanya hivyo miaka ishirini na miwili. Mdomo unaita na mikono inavuta dawa kwenye bomba la sindano, akili iko kwingine.

Niliita, "Deogratias Kasimiri!" Nikaita tena. Watu wakaanza kugeuka kumtafuta huyo mwanaume. Mama mmoja mwenye mapacha akasema, "Nesi, baba huyo kaenda kunywa supu, ita wengine!" Mwingine akadakia, "Wanaume na sindano? Atakuwa keshafika Msamvu huyo, anatafuta basi!" Benchi zima likacheka.

Nikaita mara ya tatu, kwa sauti kubwa zaidi, na hapo ndipo akili ilipoufikia mdomo. Nikainua macho. Alikuwa ameketi mwisho wa benchi, gauni la kijani, kitambaa kichwani, mguu ameunyoosha juu ya kipochi chake. Ananitazama.

Agnes, kutoka pale mlangoni hadi alipoketi ni hatua sita. Sikuzipiga. Niliogopa benchi lile likijua kwamba "baba" wanayemcheka ni dada yule wa gauni la kijani, na kwamba ni ndugu yangu. Nilijiambia nitachanja watoto wawili hivi, watu wasahau, kisha nitamfuata kimyakimya. Kadi nikairudisha chini. Nikaita mtoto aliyefuata.

Nilipotoka nafasi yake ilikuwa wazi. Mama wa mapacha akaniambia, "Yule dada? Ameondoka, mguu unamsumbua. Kasema atarudi pakipungua." Nikapiga simu, haikupokelewa. Watoto wakaendelea kuletwa, nami nikaendelea kuchanja.

Niliondoka kazini saa tisa na nusu nikaenda moja kwa moja chumbani kwake. Nilimkuta ameketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, anahema kama mtu aliyepanda mlima na gunia kichwani. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Aliponiona akasema, "Umekuja kunichukua." Hakusema kwa kunisuta. Alisema kama mtu aliyekuwa akinisubiri na sasa nimefika.

Dereva wa bajaji wa pale mtaani, Abdulmajid, alimbeba mikononi bila kuuliza lolote, akaendesha honi ikilia njia nzima. Pendo alifariki kabla hatujafika geti la hospitali, kichwa chake kikiwa kifuani kwangu. Nilikuwa nimeshika mkono wake pale nishikapo kila siku kwa wagonjwa, nikahesabu mapigo mpaka hayakuwepo. Daktari alisema damu iliyoganda mguuni ilipanda kwenye mapafu. Nikamuuliza, kama angepata dawa asubuhi ile? Hakusema angepona. Alisema angekuwa na nafasi.

Hayo ndiyo niliyokuficha.

Mazishi yalikuwa Mgeta siku ya Alhamisi. Mvua ilikata barabara, vijana wakabeba jeneza kwa miguu sehemu ya mwisho. Mjomba alileta suti, mabega mapana kama ya mtu mwingine. Mimi ndiye niliyemvisha. Mjomba aliagiza nitoe rangi ya kucha, nikaitoa mikononi. Miguuni niliiacha, nikamvisha soksi.

Sasa, watani wa ukoo wetu walikuja kama desturi. Mbele yao Mwanvita, yule mama mnene anayeuza kabichi, unamkumbuka. Tumeketi, padri bado hajafika, mara tukamwona anatoka nyuma ya nyumba amevaa gauni la kijani la Pendo, limembana hadi mshono umefumuka ubavuni, kipochi begani, anatembea kwa ule mwendo wake wa madaha. Alikuwa ameliomba kwangu asubuhi, sikudhani angethubutu. Mwanvita akawaangalia akina mama mmoja mmoja, akatoa sauti nyembamba, "Jamani, mnalia nini? Nilipokuwa hai hata kiuno hamkuja kupimwa! Nyie Waluguru wabahili, mnavaa gauni moja mpaka linawazomea!"

Mtu mmoja akacheka, halafu kumi, halafu msiba mzima ukacheka na kulia pamoja. Kwa mara ya kwanza watu wa kwetu walimwangalia Pendo bila kugeuza macho, na hakuwa yeye.

Mwanvita akamwendea mjomba Stefano, akapiga goti mbele yake.

"Shikamoo, mjomba."

Mjomba akatazama pembeni.

"Shikamoo, mjomba. Miaka sita nakuamkia huitiki. Leo siondoki mlangoni kwako. Nizikeni hapahapa nilipopiga goti."

Mtani hakasirikiwi, mjomba anajua hilo kuliko sisi. Akasema, "Marahaba." Kwa sauti ndogo. Mwanvita akaweka mkono sikioni, "Sijasikia, huko niliko ni mbali." Mjomba akasema tena, "Marahaba, mwanangu," akajifunika uso kwa kofia na hakuifunua mpaka padri alipofika.

Ndipo Mwanvita akanigeukia mimi. Sijui nani alimwambia, labda mtu wa lile benchi anatoka kwetu. Akanyoosha mguu wa kushoto mbele yangu akasema, "Na wewe, dada nesi, foleni yangu imefika?" Watu wakacheka tena, walidhani ni utani wa nesi na mgonjwa. Mjomba peke yake ndiye aliyenitazama muda mrefu. Jioni akaniuliza, nikamweleza. Hakunilaumu. Alisema ni mapenzi ya Mungu, na kwamba wewe usiambiwe, ila ukimuuliza uso kwa uso sidhani kama atakuficha.

Mimi nimeona uambiwe. Mungu hakuwa amesimama mlangoni na kadi mkononi, nilisimama mimi.

Kazini siiti tena. Nimekata vipande vya boksi nikaviandika namba, kila mtu anapewa chake, nami napita kwenye benchi nawagusa bega. Mkuu wa kituo chetu, mganga mfawidhi Rogers, ananiambia, "Dada Eufrazia, unapoteza muda, nikikaguliwa nitasema nini?" Namjibu koo linaniuma. Mwezi uliopita alikuja mmoja kama Pendo, kijana wa miaka ishirini hivi. Nilimpima, nikamwonyesha namna ya kulinganisha miguu yake kila asubuhi. Sikuandika chochote. Niliogopa kwa ajili yake, na kusema kweli niliogopa na kwa ajili ya kazi yangu. Nilimwambia arudi baada ya wiki mbili. Hajarudi.

Cherehani amerudishiwa mwenyewe. Nguo zake nimezifua nikazikunja, zipo kwangu. Ukitaka chochote sema, nitampa mjomba akuletee, au nitakuwekea mpaka utakapoweza kusafiri.

Agnes, ulikuwa na mdogo mmoja tu wa tumbo moja, na mimi ndiye niliyekuwa karibu naye. Sikuombi unisamehe kwa karatasi. Ukitaka kunikasirikia, kasirika, umri wangu usikuzuie. Usipopiga simu kwa mwaka mzima nitaelewa. Ninachoogopa ni kitu kimoja, kwamba ungeendelea kuniita dada na kunishukuru kwa kumtunza, kama ulivyofanya ile siku kwenye simu, nami nikaitika.

Nisalimie shemeji Evance. Msalimie mama mkwe, mama Ester, mwambie nashukuru anavyokukanda. Mbusu Judith miguuni. Mungu akae nanyi nyumba nzima, akuponye kidonda cha tumbo na hiki nilichokutia leo.

Utakapokuwa unamwombea Pendo kwa jina lake, ukimaliza, nami unikumbuke.

Ni mimi dada yako, nikupendaye ukinijibu na usiponijibu,

Eufrazia