Mkubwa Wangu Hataki "Loja" ya Kamina

Mpendwa Mama Salomé,

Nakusalimu kutoka Kamina, na nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza, kwa sababu jambo langu ukilisikia haraka utadhani ni la kuchekesha.

Mimi ni mzaliwa wa hapa, ingawa babu zangu ni Waislamu wa Maniema, wale wanaoitwa Bangwana, waliokuja na biashara, na kazi yangu ni foni, ile redio tunayopigiana mji kwa mji tangu vita vilipokata barabara na treni ikawa inakuja inapotaka. Asubuhi watu wanajaa kwenye benchi, mimi naita Bukama, naita Malemba-Nkulu, naita Kabongo, naita huko kwenu Lubumbashi, nauliza nani amefika, nani mgonjwa, nani amezaa, na bila kujisifu, Mama, sauti yangu inajulikana mji mzima, hata sokoni nikiuliza bei ya samaki mtu aliyenipa mgongo anageuka anasema, "Njo mama ya foni," yaani ndiye huyu.

Sasa maneno ya foni ni ya Kiingereza, bila shaka unayajua, ova ukimaliza kusema, roja ukiwa umesikia, standbai ukitaka mwenzio angoje. Sisi Kamina tunayasema kama vinywa vyetu vilivyokulia kwenye Kiluba, tunasema loja, tunasema shitandibai, na ova tunaivuta, ovaaa, kama unamwita mtu aliye upande wa pili wa shamba. Bukama roja yao ni kavu na ya haraka, wale ni watu wa mtoni, wanaogopa bwato, ule mtumbwi mkubwa wa abiria, litawaacha. Malemba wanasema loja mara mbili. Kabongo ova hawaijui kabisa, wanasema oke halafu wanangoja. Neno moja tu linanitosha kujua ni mji gani unaniita, nao wananijua hivyo hivyo. Mama yangu mzazi hunicheka, "Weye mutoto ya Bangwana, sisi Bangwana tunasema roja muzuri, ile loja uliitosha wapi?" Namjibu niliitoa hapa hapa nilipozaliwa, na sioni aibu.

Basi alitujia mkubwa mpya, Papa Stanislas, aliyejifunza foni Ndola, ng'ambo ya mpaka wanakosema Kiingereza, na si mtu mbaya, betri anazichaji mwenyewe na mikono yake inachafuka kama yetu. Lakini siku ya kwanza aliponisikia alishika kichwa. "Mama, ile ni Kingereza ya wapi? Bantu ba misaada banatusikia, batasema Kamina ni pori. Sema roja. Sema standbai. Ova ikuwe fupi." Akaniambia nikijirekebisha atanituma Lubumbashi kujifunza mashine mpya, na nafasi hiyo, Mama, nimeiota tangu msichana.

Nakuungamia kwamba nilipenda. Nilijizoeza jikoni nikitwanga mihogo, watoto wangu wakinicheka, na sikio langu ni kali, kabla ya juma kuisha nilikuwa nasema kama mtu wa Ndola kabisa, Papa Stanislas akafurahi, nami nikatembea barabarani shingo juu.

Hapo ndipo balaa lilipoingia. Lazima ujue kwamba mwaka jana sauti ya mtu tusiyemjua iliingia hewani, ikauliza kwa upole bwato la samaki litapita wapi, mwenzetu mmoja akajibu, na bwato likaporwa na watu wenye bunduki. Tangu siku hiyo sisi wa foni tulikubaliana, sauti usiyoijua usiipe habari ya mtu wala ya bwato, isalimie vizuri, uiambie huna kitu. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kukubali, na mimi mwenyewe, na uzuri wangu mpya wa Ndola, sikufikiri kwamba sasa sauti isiyojulikana ni yangu.

Kwenye benchi alikuwapo Mama Kabedi, mkulima wa kijiji cha karibu. Binti yake Mbombo alikimbia vurugu za Malemba pamoja na watoto, akapanda bwato la kwenda Bukama, na tangu hapo kimya. Kila asubuhi nikaita Bukama kwa sauti yangu nzuri, na Kisimba wa Bukama akanijibu kwa adabu ile ya kumjibu mgeni, "Kamina, tunakusikia, hatuna kitu, roja." Mama Kabedi akaanza kuja bila kula. Mwishowe akaja na kitambaa cheupe cha msiba mkononi, akaniambia kama hakuna habari leo, kesho atawaambia ndugu waanze kilio.

Mama Salomé, nilisahau Ndola yote. Nilishika mikro nikasema, "Bukama, Bukama, Kisimba, minyi njo huyu, usinizarau, kuko mama hapa anataka kulia mutoto wake, ovaaa." Nikasikia mtu anacheka huku anapiga meza. "Njo weye kweli? Tulizania bamekufukuza, beko banatumia sauti ingine! Shitandibai." Alisema shitandibai yangu, Mama, yeye wa Bukama, kunionyesha kwamba amenijua. Kisha akasema, "Mbombo iko hapa, kwa bamasista, na batoto bake bote bazima. Iko anauliza mama yake kila siku." Mama Kabedi alikaa chini, akapiga makofi polepole kama Baluba wanavyoshukuru, akasema, "Wafwako, wafwako," na kile kitambaa akapangusia macho.

Papa Stanislas alikuwa mlangoni. Hakupiga kelele. Aliniambia tu kwamba nichague, nikirudia tena loja yangu atamleta opereta kutoka Lubumbashi, na safari ya mafunzo nisahau. Nina watoto, baba yao yuko mbali kwa sababu ya vita hivi, na nafasi kama hiyo hairudi. Nikimtii, Bukama watanyamaza tena. Nisipomtii, ninakaa nyumbani, na kwenye mashine atakaa mtu ambaye Bukama hawamjui kabisa. Nifanye nini?

Mama wa foni, Kamina

JIBU LA MAMA SALOMÉ

Dada yangu wa foni,

Sijacheka hata kidogo. Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Nianze na kukugombeza, maana umenizuia mapema nami sipendi kuzuiwa. Umemwona mama anakuja kwenye benchi bila kula asubuhi baada ya asubuhi, Bukama wanakujibu kama mgeni, na haikukupitia kichwani kwamba umebadili sauti? Ilikupitia. Ulikuwa unaisikiliza mwenyewe, unaipenda. Hilo uliweke moyoni, halafu tuendelee.

Na kwa nini mkubwa wako hajui habari ya bwato lililoporwa? Katika barua yote sijaona mahali ulipomweleza. Yeye anadhani mnabishania matamshi, kumbe mnabishania uhai wa watu. Unamnyima habari halafu unamlaumu kwamba haelewi.

Kuhusu Kiingereza chenyewe, usinung'unike wala usiinamishe kichwa. Kiingereza kimetembea sana, na kila kilipolala kimeamka na sauti ya wenyeji. Hapa Lubumbashi nawasikia watu wa Ndola wana chao, waliosoma Kampala wana chao, wale askari wa kusini wanaopita wana okei yao ya kusinzia, na hakuna anayewafukuza kazi. Papa Stanislas hasemi kama Waingereza. Anasema kama Ndola, na amefanya vizuri, ndiko alikofundishwa. Nawe unasema kama Kamina. Mji uliolisha watu wa reli na wakimbizi, ukapokea babu zako wa Maniema hata mjukuu wao akasema loja, hauna haja ya kuomba ruhusa ya kusikika.

Sasa ufanye hivi. Nenda kwa Papa Stanislas kabla kazi haijaanza, usiende na machozi, nenda na Mama Kabedi. Mwambie habari ya bwato yote, na makubaliano yenu. Watu wa misaada wakiita, wajibu kwa Ndola yako, umeifanyia kazi, ni mali yako pia, usiitupe. Ukiita Bukama, Malemba na Kabongo, sema kama unavyojulikana. Kisha mkalishe mkubwa wako kwenye mikro umtambulishe hewani kama tunavyomtambulisha mgeni kwa majirani, umwambie Kisimba, huyu ni Stanislas, roja yake ni hivi, mumuzoee. Mwanaume anayechafua mikono kwa betri atapenda kujulikana hadi Malemba, utaona.

Na akikataa bado? Basi mafunzo yaende. Naandika hivyo nikijua una watoto, na najua si rahisi. Lakini usiiache mashine kwa mtu ambaye hajatambulishwa. Kaa naye hewani mpaka Bukama waicheke sauti yake kama walivyoicheka yako, ndipo uondoke.

Jambo la mwisho. Mimi ni wa Kabongo. Mwaka vita vilipoanza mama yangu alikimbilia Kamina kwa miguu, nami huku nilikuwa nasimama kwenye foni ya Lubumbashi kila asubuhi kama Mama Kabedi wako. Majirani walikuwa wameshaanza kunipa pole za msiba. Halafu siku moja mwanamke mmoja wa Kamina akasema, "Shitandibai, dada, usilie, mama yako iko hapa pembeni yangu, namupatia mikro, ovaaa."

Hukuandika jina lako, na sina haja ya kukuuliza.