Jirani Uliyeniachia

Mpendwa Baba Ghati,

Leo nimepika ugali nikakosea tena kipimo. Tangu uondoke sijajua kupika wa mtu mmoja. Unabaki, unakauka, kuku wanakula.

Ghati hunipigia simu kutoka Migori, Kenya. Kila mara ananiambia, "Mama, hamia huku kwetu ng'ambo." Namwambia nitafikiria. Siwezi kuliacha kaburi lako likiota magugu. Mdogo wake yuko Mwanza na kazi zake, hutuma ujumbe mfupi: "Shikamoo mama, uko salama?" Nami najibu niko salama, maana neno jingine lingemtisha bure.

Watu wakisikia mume wangu alikuwa katekista, husema nilibahatika. Ni kweli nilibahatika. Ila hawajui Injili uliyoisoma kule kigangoni ilitufanya nini ulipoileta nyumbani. Kwa kuisoma tu hakuna aliyekukasirikia hata siku moja.

Najua unakumbuka jinsi mdogo wako Nyamhanga alivyofariki, akamwacha mkewe Bhoke na watoto wadogo na lile shamba la bondeni. Matanga hayajapoa, kaka yenu mkubwa, Chacha, akasema mila inajulikana: Bhoke arithiwe na yeye, la sivyo arudi kwao Morotonga, shamba na watoto wabaki. Bhoke akakataa vyote viwili. Alikuja hapa, akasimama mlangoni, akagoma kuketi.

"Shemeji," alikwambia, "mimi siondoki. Ila peke yangu sitaweza."

Ukamwambia aingie kwanza anywe chai. Kwako kila jambo kubwa lilianza na chai.

Ritongo likaitwa, lile baraza la wazee wa ukoo. Sisi wanawake hatukuwa na nafasi pale, lakini nilisimama nyuma ya zizi nikasikia kila kitu. Chacha alisema maneno yake, wazee wakaitikia. Kisha ukasimama wewe. Hukupaza sauti.

"Shamba hili Bhoke amelilima na marehemu. Watoto hawa ni damu ya Nyamhanga. Nikinyamaza leo, Jumapili nitasimama mbele ya watu niwasomee nini?"

Chacha akakuita kijana kwa Kikurya: "Mura, wewe ni katekista au ni ndugu yangu?"

"Vyote viwili, kaka. Ndiyo maana nakwambia mbele yako, sikusengenyi."

Mambo yakafika baraza la ardhi. Ukatoa ushahidi, Bhoke akabaki na shamba lake. Watu wa mbali walikusifu. Wa karibu wakatutenga. Wazee walitamka kwamba nyumba yetu isiazimwe jembe wala kupewa moto, na mtu wa ukoo asile kwetu. Nilipofika kisimani wanawake walikatiza mazungumzo, wakajitwika ndoo kabla hazijajaa. Na wengi wao tulikuwa tukipokea Ekaristi pamoja.

Kuna jioni moja siisahau. Ilikuwa zamu yetu kupokea sala ya jumuiya. Nilifagia uwanja, nikatandika kitambaa cheupe mezani, nikaweka msalaba na mshumaa, nikachemsha chai ya watu wote. Tukangoja. Jua likazama nyuma ya migomba, hakuna aliyepiga hodi. Hata Bhoke hakuwepo, alikuwa kwao akimuuguza mama yake. Ukawasha mshumaa.

"Tuanze, Mama Ghati."

"Tuanze na nani?"

"Mimi na wewe. Ukiona sauti ni chache, imba kwa nguvu."

Nikacheka huku nalia. Tuliimba, Baba Ghati, na nina hakika walitusikia.

Lakini sikuwa mtakatifu wa kucheka kila siku. Kuna asubuhi nilichoka, nikakwambia usoni, "Umempenda jirani mmoja, tumewapoteza wote." Hukunijibu. Ulichukua jembe ukaenda shambani, nikabaki nikikutazama mgongo. Mpaka leo natamani ungenijibu. Si kwamba ningekubali. Ningekuwa tu na jibu lako la kubishana nalo sasa, ninapokaa peke yangu.

Ulipougua, na moyo wako ukakataa kuendelea, nilidhani hasira za watu zitakwenda nawe. Siku ya mazishi vijana wa ukoo walisimama barabarani wakimngoja Chacha aseme neno ili waje wachimbe. Chacha alikaa kwenye zizi lake akachonga fimbo. Kwetu mwanamke hachimbi kaburi, unajua. Bhoke alikaza kanga kiunoni, akashika jembe, akaanza. Ardhi ilikuwa kavu, kila pigo lilinipiga kifuani. Padri alipofika na pikipiki yake, alimkuta amezama hadi magotini. Aliweka begi lake kwenye majani, akakunja suruali, akampokea jembe. Ndipo vijana wa kwaya wakaanza kusogea, mmoja kisha mwingine, bila kumtazama mtu usoni.

Siku hizi hakuna anayesema tumetengwa. Wazee wale wengi wamefariki. Lakini marufuku ikiisha, mazoea yanabaki. Watu wananisalimia, wanapita. Bhoke hajanisahau, huja na maziwa ya mgando na habari za watoto. Siku hizi ni mwenyekiti wa jumuiya, na wajane wanatoka hata Genkuru kuja kumuuliza njia ya kufuata kwenye baraza la ardhi. Namfurahia kabisa. Akishaaga, nyumba inakuwa kubwa kuliko alivyoikuta.

Sasa nikwambie habari iliyonifanya nishike kalamu.

Mwanzoni mwa Kwaresima hii Chacha alipooza. Mkono wa kulia na mguu vimekufa, mdomo umekwenda upande. Mke wake alishatangulia. Wanawe waligombania ng'ombe, wakauza waliowapata, mmoja akashika njia ya Sirari, mwingine Mugumu. Wakamwachia binti wa kumpikia, naye akachoka akaondoka. Watu wakasema Mungu amemlipa. Nami niliona hivyo.

Asubuhi moja nilimsikia, hapo kwake jirani, akiita ng'ombe wake majina. Zizi lilikuwa tupu. Aliita mmoja mmoja, akinyamaza katikati kana kwamba anangoja waitike. Nilijaribu kuendelea kupepeta ulezi. Nikashindwa.

Nilikoroga uji nikampelekea. Sitakudanganya, sikumpenda. Nilikwenda kwa sababu uji ulikuwepo na yeye alikuwepo.

"Shikamoo, shemeji."

Alinitazama kwa jicho moja lililo zima. "Marahaba. Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Padri?"

"Hakuna aliyenituma, shemeji. Kunywa, unapoa."

Nilimshikia kikombe. Uji ulimchuruzika kidevuni, nikamfuta na ncha ya kanga. Nikarudi kesho yake, na siku zilizofuata. Nikafagia chumba, nikafua shuka. Nilikuwa naweka kikombe, nageuza uso, nangoja amalize.

Juzi aliongea. Maneno yake yanatoka kwa shida, ikabidi niiname.

"Mdogo wangu... mumeo... alipokuwa anaumwa... alinitaja?"

Ningeweza kunyamaza. Alistahili kunyamaziwa. Lakini ukweli ulikuwa wako, haukuwa wangu wa kumnyima. Nikamwambia, "Kila jioni. Kwenye rozari alikuwa anakuombea kwa jina lako, kabla hajawataja watoto wake."

Alifumba macho. Machozi yalitoka upande mmoja tu, ule ulio hai. Kisha akauliza, "Na sasa nani ananitaja?"

Nilichukua kikombe changu nikatoka.

Jioni ile nilipiga magoti peke yangu kama kawaida. Nikakutaja wewe, nikamtaja Ghati na mdogo wake, nikamtaja Bhoke. Likabaki jina moja mdomoni, halitaki kutoka na halitaki kurudi. Nilikaa nalo mpaka magoti yakafa ganzi.

Nikalitaja.

Halikutoka vizuri. Nilisema "Chacha" kama mtu anayetema mwiba. Lakini nimelitaja, na jana tena, na leo sijui itakuwaje.

Pumzika kwa amani, mume wangu. Ukifika karibu na Bwana, usiniombee niwe mwema. Niombee tu nisichoke.

Mkeo,
Mama Ghati