Mfereji Mkavu na Neno “Ujinga”

“Maradhi ya Pemba yanaletwa na ujinga.” Ndivyo alivyokwambia mwalimu wako wa udaktari huko Dar, nawe Asha, mjukuu wangu, waniuliza kama ni kweli. Bibi yako hajambo, anakusalimu. Ila mdogo wako Hamadi anakojoa damu.

Nilipokuwa kijana, kaka yangu Faki alikojoa damu mbele yetu, shambani. Tukamshangilia. “Mwanamme ushakuwa, tafuta mke,” tukamwambia, nami nikamwonea wivu. Huo kweli ulikuwa ujinga. Kilikuwa kichocho, kikamharibia figo, tukamzika hajaoa.

Leo Hamadi anayajua yote: mdudu, konokono wa mtoni anayembeba, hata jina la dawa. Juzi nilimkuta tena mtoni na ndoo.

“Babu, dawa nimemeza,” akasema. “Sasa wataka nikakoge wapi, mferejini?”

Akacheka. Mfereji wetu, bomba la maji la kijiji, ulikauka yeye hajazaliwa.

Msomee mwalimu wako barua hii mbele ya wenzako. Nanyi mnaosomea udaktari, likizo hii msije na mabango mengine ya kutufunza habari za konokono. Njooni tukae mlangoni pa wakubwa wa maji mpaka mfereji utoe maji.