Mama Yangu na Binti Yangu Wanaongea kwa Mdomo Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kwanza ujue unaandikiwa na mtu wa bahati. Hapa Roret ni mimi tu dereva wa lori la majani chai mwenye binti anayesoma Nairobi, na akija likizo yeye na mama yangu wanaelewana vizuri sana, jioni tunacheka mpaka majirani wanakuja kusikiliza. Shule niliachia darasa la tano, lakini Jumapili mimi ndiye mkalimani wa kanisa, na wahubiri wageni hupigiwa makofi kwa maneno niliyowaongezea mimi.

Sasa mama ni mgonjwa wa kifua na hajui lugha nyingine ila Kipsigis, na Agosti hii alimwita binti yangu Cheptoo kando ya kitanda, akataka mtoto apewe mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, msichana akanusa akaniambia kwa Kiswahili, "Baba, mwambie inanuka moshi," nami nikamgeukia mama nikamwambia mtoto anasema ni tamu, mama akacheka mpaka akakohoa, akaniomba nimwambie mtoto kwamba yeye nyanya yake anataka kumwachia maneno kabla hajaondoka duniani, yale aliyoachiwa na mama yake mwenyewe, nikaona mtoto ataogopa, nikamwambia kogo, yaani nyanya yake, anauliza kama chakula cha shule ni kizuri, akajibu chapati ni chache, nami nikamwambia mama mtoto amekubali, atayapokea Desemba. Likizo yote ilikwenda hivyo, kila mmoja akipendwa kwa maneno yangu. Sasa mama anangoja Desemba, na daktari ameniambia nisiitegemee hiyo Desemba.

Na aliyeharibu ni mimi. Siku ya wazazi mwalimu alisema mtoto akiongea lugha ya nyumbani ataadhibiwa, nikasimama mbele ya watu nikampigia makofi, nikasema hata kwangu Kipsigis ni ya kuitia ng'ombe.

Ile ya kuelewana niliyoandika hapo juu ni uongo. Binti yangu hajui Kipsigis. Hata salamu.

Kipkurui, Roret

JIBU

Bwana Kipkurui, umenichekesha, halafu nikaona haya kwa kucheka. Wahubiri waongezee unavyotaka, Mungu atawasahihisha. Mama yako atasahihishiwa na nani?

Achana na Desemba. Nenda shuleni wiki hii umwombee mtoto ruhusa ya kuja nyumbani. Ukiwa huko, mwambie mwalimu yale makofi umeyarudisha, na uombe Cheptoo asichapwe kwa lugha ya nyanya yake, na kama kuna watoto wengine wa kwenu waachwe waongee pamoja hata saa ya michezo. Huenda akakataa. Omba tu.

Njiani mfundishe salamu. Ukifika nyumbani, mwambie mama ukweli, hata wa maziwa. Atakasirika, na ana haki. Mtoto naye akiogopa, aogope. Ni nyanya yake anayekufa, si wa jirani.

Sitakudanganya kwamba atajifunza lugha kabla mama hajaondoka. Hatajifunza. Mengi yamekwisha kupotea, na wewe ulikuwa umesimama ukishangilia. Lakini mama ayaseme maneno yake, Cheptoo ayarudie kwa Kipsigis vile vile, hata bila kuelewa, mpaka mama atosheke. Kisha wewe umweleze maana yake.

Na safari hii, bwana mkalimani, usiongeze hata neno.